Husuni Kubwa ya Kilwa Kisiwani na Kazi ya Kulitunza Gofu

Katika pwani ya kaskazini ya kisiwa cha Kilwa Kisiwani, mkoani Lindi, mwendo wa zaidi ya kilometa moja mashariki ya magofu ya mji wa kale, kuna rasi ndogo yenye genge linaloshuka hadi baharini, na juu ya genge hilo yapo mabaki ya jengo ambalo wanaakiolojia hulihesabu kuwa kubwa kuliko yote yaliyojengwa na Waswahili kabla ya kuja kwa Wareno. Wenyeji huliita Husuni Kubwa. Neno husuni limetokana na Kiarabu, ambako hisni ni ngome na husuni ni wingi wake, na kwa sababu hiyo mtu anayelisikia jina hilo kabla ya kufika hutarajia kukuta buruji, kuta zenye matundu ya kupitishia mishale na lango zito lililopigwa misumari ya chuma. Vitu hivyo havipo. Jengo lilikuwa kasri, yaani makao ya mfalme, lililounganishwa na ghala za biashara, na kinga yake kubwa ilikuwa bahari iliyokizunguka kisiwa pamoja na mali ya huyo aliyelijenga.

Majina ya majengo ya Kilwa, kwa kweli, yana desturi ya kumpoteza mgeni. Ng'ambo ya korongo dogo, karibu kabisa na Husuni Kubwa, iko Husuni Ndogo, ambayo ni ua wa mstatili uliozungushiwa ukuta mnene wenye viegemeo, yaani vipande vya ukuta vinavyojitokeza kwa nje ili kuushikilia usiiname, na hiyo ndiyo inayofanana na ngome, ingawa ndani yake hamna mabaki mengi ya majengo na wataalamu hawajakubaliana kama ilikuwa boma la ulinzi, soko au mahali pa kuwekea bidhaa. Katika ufuko wa mji wa kale, pale vyombo vinapofikia hadi leo, limesimama Gereza, ambalo ndilo ngome hasa, lenye buruji mbili za mviringo katika pembe mbili zinazotazamana, lakini asili ya neno lenyewe ni igreja la Kireno, maana yake kanisa, nalo lilihamia kwenye ngome kwa kuwa Wareno walikuwa na makanisa ndani ya ngome zao, kisha likaishia kwenye jumba la kufungia watu. Basi Kilwa ina kasri linaloitwa ngome, na ngome inayoitwa kwa jina la kanisa, na yeyote anayetaka kuielewa historia yake hana budi kuyaacha majina kando kwanza na kuzitazama kuta.

Ukubwa wa Kilwa ulitokana kwa sehemu kubwa na upepo. Kaskazi, inayovuma tangu mwishoni mwa mwaka hadi Machi, ilileta majahazi kutoka Arabuni, Ghuba ya Uajemi na Bara Hindi, na kusi, inayoanza baada ya hapo, iliyarudisha kwao. Chombo kilichotoka huko kiliweza kufika Kilwa na kurudi katika mzunguko mmoja wa pepo hizo, lakini kilichotaka kusonga mbele hadi Sofala, katika Msumbiji ya leo, kilijitia katika hatari ya kukosa upepo wa kurudia na kukaa msimu mzima. Sofala ndiko dhahabu ya nyanda za juu za Zimbabwe ilikoshukia pwani. Mji uliokaa katikati ya safari hizo mbili, wenye bandari ya kina iliyokingwa na visiwa, ulipata nafasi ya kuwa dalali wa wote, na watawala wa Kilwa walipofanikiwa kuitia Sofala mkononi, kila shehena ya dhahabu ililazimika kuacha kitu kwao.

Habari za watawala hao zimo katika tarikhi ya Kilwa, ambayo imehifadhiwa kwa njia mbili: muhtasari wa Kireno aliouchapisha João de Barros mwaka 1552, na nakala ya Kiarabu iliyomo sasa London. Tarikhi hiyo husimulia kwamba mtawala wa kwanza, Ali bin al-Hasan aliyetoka Shiraz, alikinunua kisiwa kwa nguo za kutosha kukizunguka chote, habari ambayo mwanahistoria huipokea kwa tahadhari, kwa sababu akiolojia inaonyesha kwamba watu walikuwa wakiishi hapo, wakivua na kufua chuma, kabla ya ukoo wowote kudai asili ya Uajemi. Lililo wazi zaidi ni kwamba mwishoni mwa karne ya 13 utawala uliingia mikononi mwa ukoo mwingine, wa Mahdali, wenye asili ya Yemen, na kwamba ukoo huo ndio uliomtoa al-Hasan bin Sulaiman, aliyetawala tangu mwaka 1310 hivi hadi mwanzoni mwa miaka ya 1330 na kupewa lakabu ya Abu al-Mawahib, yaani baba wa vipaji, kwa ajili ya ukarimu wake.

Ibn Battuta, msafiri wa Tangier nchini Moroko, alifika Kilwa mwaka 1331 na kumkuta sultani huyo. Anaeleza kwamba siku moja ya Ijumaa, sultani alipokuwa akitoka msikitini, fakiri mmoja kutoka Yemen alimwomba nguo alizovaa, naye akaingia ndani akazivua na kumpa. Mwanawe akazikomboa nguo zile kwa watumwa 10, na sultani aliposikia watu wanavyomsifu akaamuru fakiri aongezewe watumwa wengine 10 na mizigo miwili ya pembe za ndovu. Kisa hiki hukaririwa kila penye sifa za Kilwa, na wanaokikariri kwa kawaida huuangalia ukarimu wa mtoaji bila kuwaangalia hao 20 waliotolewa, ambao majina yao hayakuandikwa popote. Msafiri huyohuyo aliandika kwamba nyumba za Kilwa zilikuwa za mbao, wala hakulitaja kasri la juu ya genge, jambo ambalo limewasumbua wasomaji wengi, ingawa si ajabu sana, maana hata katika mji wenye majumba ya mawe watu wengi walikaa katika nyumba za miti na udongo, kama walivyoendelea kukaa karne nyingi baadaye.

Kwamba Husuni Kubwa ni kazi ya zama hizo kunathibitishwa na jiwe. Miongoni mwa vipande vya matumbawe vilivyochongwa maandishi na kufukuliwa katika jengo hilo, kimo kinachomwombea dua al-Hasan bin Sulaiman na kumpa cheo cha al-Malik al-Mansur, yaani mfalme aliyepewa ushindi, cheo cha aina waliyojipa watawala wa Yemen na Misri wa wakati huo. Sarafu yake ya shaba imeokotwa mbali sana, katika magofu ya Great Zimbabwe, na sarafu zake za dhahabu chache zimejulikana kutoka Unguja.

Jengo lenyewe lilikuwa na vyumba zaidi ya 100, vilivyopangwa kuzunguka nyua kadhaa zilizofuatana kutoka bara kuelekea baharini. Upande wa kusini, ulio mbali na genge, kuna ua mpana uliozungukwa na safu za vyumba vinavyofanana, ambao wanaakiolojia wanaamini ulikuwa ghala na mahali pa kufanyia biashara, kwa hiyo aliyeleta shehena hakuhitaji kuingia katika makao ya mfalme. Kaskazini yake ndiko yalikokuwa makao hayo, yenye ua uliochimbwa chini kidogo ya usawa wa vyumba, na ua mwingine wenye ngazi pana zilizopangwa kama viti vya baraza, ambako inadhaniwa sultani alisikiliza watu wake na kuwakaribisha wageni. Ndani ya kuta mlitengenezwa safu za vidaka, yaani vishubaka vidogo vya mraba, na kwa kuwa vingine ni vidogo mno kwa kuwekea vyombo, vimefasiriwa kuwa mahali pa taa za mafuta, na mtu akikaa katika ua huo jioni haoni shida kuwaza namna ukuta mzima ulivyomeremeta.

Kitu kinachokumbukwa na kila aliyefika ni birika. Ni shimo la pande nane lililojengwa kwa mawe na kupakwa lipu, kila upande ukiwa na kishubaka chenye kuingia ndani kidogo na ngazi za kushukia, na lilikaa katika ua wake peke yake karibu na makao ya mfalme, likapata upepo wa baharini. Katika kisiwa kisicho na mto, ambako maji matamu yalitoka visimani kwa ndoo na kamba, kujaza birika la ukubwa huo kwa ajili ya kuoga na kupumzika kulikuwa ni namna ya kuonyesha mali isiyohitaji maelezo. Dhahabu hufichwa sandukuni. Maji yaliyo wazi juani huonekana na kila mgeni, na kila mgeni wa Kilwa, awe wa Gujarati au wa Aden, alijua maji yana thamani gani.

Namna jengo lilivyojengwa inastahili kuelezwa kwa urefu, kwa sababu ndiyo inayoamua pia namna linavyoweza kutunzwa. Mafundi wa pwani walitumia matumbawe ya aina mbili. Ya kwanza ni ya nchi kavu, mwamba wa kale uliotokana na matumbawe yaliyoachwa na bahari zamani sana, ambao huchimbwa, huvunjwa vipande na kupangwa katika kuta kwa kushikizwa na chokaa. Ya pili ni matumbawe mabichi, yaliyokatwa baharini maji yanapokupwa yakiwa bado hai, ambayo huwa laini kiasi cha kuchongeka kwa shoka dogo au patasi, kisha hukauka na kuwa magumu yakishakaa juani; hayo yaliwekwa kwa ajili ya miimo ya milango, matao, mihrabu na nakshi, na ndiyo sababu nakshi za Kilwa zina ncha kali hadi leo mahali ambapo mvua haijazifikia.

Chokaa nayo ilitoka katika matumbawe hayohayo. Magogo hupangwa kwa duara, tabaka juu ya tabaka, vipande vya matumbawe vikarundikwa juu, na tanuri hilo likiwashwa huwaka usiku kucha hadi mawe yageuke meupe na mepesi, kwa kuwa moto umeifukuza hewa ya kaboni iliyokuwa ndani yake. Yakimwagiwa maji hutoa mvuke, hupasuka na kuwa unga, na unga huo ukilowekwa na kuachwa shimoni kwa miezi huwa laini na wa kunata. Fundi akiupaka ukutani pamoja na mchanga, chokaa huanza tena kuivuta ile hewa iliyopoteza tanurini, na polepole, kwa miaka mingi, hurudi kuwa jiwe. Ukuta wa Kilwa, kwa maneno mengine, ni tumbawe lililoshikizwa kwa tumbawe.

Kipimo cha vyumba kiliwekwa na mti. Dari ilikuwa bapa, ya mawe na chokaa nzito iliyobebwa na boriti, na boriti zilikuwa magogo ya mikoko, miti migumu isiyoliwa upesi na mchwa lakini isiyoweza kubeba uzito huo ikiwa imepita urefu fulani, kwa hiyo vyumba vya majumba ya Waswahili vikawa virefu na vyembamba, upana wake kwa kawaida usifike meta 3. Katika Husuni Kubwa mafundi walitafuta njia ya kuukwepa mpaka huo. Mahali pengine walijenga kuba, nyingine zikiwa na mifuo kama ganda la boga, na mahali pengine waliezeka kwa dari ya mawe iliyopindwa kama mtumbwi uliofudikizwa, ufundi uliohitaji hesabu na ujasiri, maana kuta za chini lazima ziwe nene vya kutosha kuuzuia msukumo wa dari usizifungue. Sultani huyohuyo ndiye anayehesabiwa kuupanua Msikiti Mkuu wa Kilwa na kuujengea kuba kubwa, na tarikhi inasimulia kwamba msikiti huo ulianguka baadaye, ukajengwa upya katika karne ya 15, na ndio huo wenye matao na kuba ndogo nyingi unaoonekana leo.

Husuni Kubwa haikumalizika. Kuna kuta zilizoanzishwa zikaachwa, na vitu vilivyofukuliwa vinaonyesha kwamba watu walikaa humo kwa muda mfupi tu, pengine kizazi kimoja au viwili, kisha makao ya watawala yakarudi mjini karibu na msikiti. Ibn Battuta anasema kwamba baada ya al-Hasan kufa alishika nduguye Daud, ambaye alikuwa kinyume chake kabisa katika kutoa, na ingawa haifai kuifanya tabia ya mtu mmoja kuwa maelezo ya kila kitu, ni rahisi kuona kwamba jengo la namna hiyo lilihitaji mapato yasiyopungua na mwenyewe asiyehesabu gharama, na kwamba moja kati ya hayo likikosekana mafundi hukunja vyombo vyao wakaondoka.

Yaliyofuata yanaweza kupitiwa kwa haraka. Vasco da Gama alifika mwaka 1502 akamlazimisha mtawala wa Kilwa, amiri Ibrahim, kulipa kodi kwa mfalme wa Ureno, na Julai 1505 Francisco de Almeida akaja na kundi la manowari, akauteka mji, akaupora na kujenga ngome ufukoni, ambayo Wareno waliihama mwaka 1512 baada ya kuona kwamba dhahabu ya Sofala haikuwafuata. Katika karne ya 18 Kilwa ilipata uhai mwingine, safari hii kwa biashara ya watumwa, na mwaka 1776 sultani wake alitia sahihi mkataba wa kumuuzia Mfaransa aliyeitwa Morice watumwa 1,000 kila mwaka. Waomani walipoimarisha mamlaka yao, yapata mwaka 1800, waliijenga upya ngome ya ufukoni juu ya mabaki ya ile ya Wareno, na hilo ndilo Gereza la leo. Katika miaka ya 1840 sultani wa mwisho alihamishwa, biashara ikawa imekwisha kuhamia Kilwa Kivinje upande wa bara, na kisiwa kikabaki na kijiji cha wavuvi na wakulima ambao nyumba zao zimo katikati ya magofu.

Kwa karne nyingi Husuni Kubwa ilifunikwa na kifusi cha dari zake yenyewe na vichaka vilivyoota juu yake. Aliyeifukua ni Neville Chittick, Mwingereza aliyesimamia mambo ya kale Tanganyika tangu mwaka 1957 na baadaye kuongoza taasisi ya Uingereza ya historia na akiolojia katika Afrika Mashariki, ambaye alichimba Kilwa kwa misimu kadhaa hadi katikati ya miaka ya 1960 na kuyachapisha matokeo yake mwaka 1974 katika juzuu mbili. Peter Garlake alizipima kuta na kuchora ramani za majengo, na kitabu chake cha mwaka 1966 kuhusu ujenzi wa Kiislamu wa pwani bado hutumiwa na kila anayeshughulikia ukarabati, kwa sababu kinaonyesha sehemu ambazo zimeshaanguka tangu wakati huo. Ni haki kusema pia kwamba kufukua kuna gharama yake. Kifusi kilichoondolewa kilikuwa kimezikinga kuta dhidi ya mvua na jua kwa mamia ya miaka, na ukuta uliofunuliwa bila kufunikwa kichwa chake huanza kuzeeka upya siku hiyohiyo.

Magofu ya Kilwa Kisiwani na ya Songo Mnara, kisiwa cha jirani, yaliingizwa katika Orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 1981, na mwaka 2004 yakatiwa katika orodha ya urithi ulio hatarini. Hatari ilikuwa ya namna tatu, na zote zilisaidiana. Maji ya mvua yalishuka juu ya genge yakichukua udongo ulioshikilia misingi, kwa hiyo vyumba vya Husuni Kubwa vilivyo ukingoni vilipoteza ardhi ya kukalia na kuporomoka. Bahari ilikula ufuko mbele ya Gereza na mbele ya Makutani, jumba la watawala wa karne ya 18, hasa mahali ambapo mikoko ilikuwa imekatwa na mawimbi yakakosa wa kuyapunguza nguvu. Miti nayo, iliyoota juu ya kuta, ilipenyeza mizizi katika chokaa na kuyatenga mawe, ingawa hapo kuna utata unaowapa wahifadhi kazi ngumu ya kuamua, kwa kuwa mimea hiyohiyo inayovunja kuta juu ya genge ndiyo inayoshika udongo wa genge usimomonyoke, na anayeifyeka yote kwa bidii huenda akalimaliza jengo upesi kuliko aliyeiacha.

Kazi ya ukarabati iliyofanywa kwa msaada wa fedha za Ufaransa, Japani, na baadaye Marekani pamoja na Mfuko wa Makumbusho ya Dunia wenye makao New York, ilianza na jambo linaloonekana dogo, nalo ni kurudi kwenye chokaa. Saruji hukauka upesi, ina nguvu na hupatikana dukani, na kwa sababu hizo imetumika kuziba nyufa katika majengo mengi ya kale ya pwani. Lakini saruji ni ngumu kuliko tumbawe na haipitishi unyevu, basi maji yanayopanda kutoka ardhini au kuingia na mvua hukwama nyuma yake, chumvi iliyomo ikaganda ndani ya jiwe na kulisaga kidogo kidogo, hadi siku moja kiraka cha saruji kinabaki kizima huku ukuta ulio nyuma yake umekuwa unga. Chokaa huuacha ukuta upumue. Hupasuka kabla ya jiwe kupasuka, na fundi anaweza kuibandua na kupaka nyingine. Kwa hiyo waashi, wengi wao wakiwa watu wa Kilwa, walifunzwa tena kazi ambayo babu zao waliifanya bila kufunzwa na mgeni, ya kuchoma, kuloweka na kungoja, pamoja na kufunika vichwa vya kuta kwa tabaka la chokaa na mawe lenye mteremko ili maji yasitue.

Mbele ya Gereza zilijengwa kinga za mawe za kuzuia mawimbi, mikoko ikapandwa upya sehemu za ufuko, na kuta zilizokuwa zikiinama zikaegemezwa. Miti mikubwa iliyokuwa juu ya kuta ilikatwa shinani na mizizi ikaachwa ife humohumo, maana kuing'oa ni kuondoka na mawe. Mwaka 2014 kamati ya UNESCO iliridhika kwamba hali imetengemaa, ikayaondoa magofu katika orodha ya hatari. Usimamizi wa eneo hilo sasa uko chini ya TAWA, mamlaka ya wanyamapori, jambo linaloweza kumshangaza anayejua kwamba mnyama mkubwa wa Kilwa Kisiwani ni mbuzi, lakini mantiki yake ni ya utalii na ulinzi wa eneo kuliko ya wanyama.

Swali ambalo wageni huuliza, na ambalo baadhi ya wenyeji huliuliza kwa haki zaidi, ni kwa nini fedha zote hizo zitumike na mwishoni jengo lisiwe na paa. Jibu moja limo katika ngome nyingine ya kisiwani, iliyo mbali sana, ya Trakai nchini Lithuania, ambayo ilijengwa katikati ya ziwa Galvė mwishoni mwa karne ya 14 na kumalizwa na mtawala Vytautas mwanzoni mwa karne ya 15, karibu miaka 100 baada ya Husuni Kubwa, ikaharibika katika vita vya karne ya 17 na kuwa gofu. Katika miaka ya 1950, wakati ule ambapo Chittick alikuwa anakaribia kuanza kazi pwani, Walithuania waliamua kuijenga upya, minara na mapaa yote, na mwaka 1962 ikafunguliwa kuwa jumba la makumbusho. Anayeitazama leo huona ngome nzima ya matofali mekundu inayoakisiwa na maji, na asipoelekezwa hajui kwamba sehemu kubwa ya matofali ya juu ni ya karne ya 20 na kwamba mawe ya chini ndiyo ya kale. Kwa taifa lililokuwa limepoteza uhuru wake, ngome hiyo ilikuwa na maana kubwa kuliko usahihi wa matofali, na si vyema kuwalaumu. Mkataba wa Venice wa mwaka 1964, ambao ndio mwongozo wa wahifadhi wa majengo ya kale duniani, ulichagua upande mwingine, ukasema kwamba ukarabati hukoma pale kubahatisha kunapoanza.

Kwa Husuni Kubwa kubahatisha kungeanza mapema sana. Trakai ilikuwa na michoro na maelezo ya watu walioiona ikiwa na kuta ndefu zaidi, na juu ya yote ilikuwa imewahi kukamilika. Kasri la Kilwa halikuwahi kuwa na umbo la mwisho ambalo mtu angeweza kulirudishia, na fundi atakayeliezeka leo atakuwa anamalizia nyumba ambayo mwenyewe aliiacha, kwa ramani ambayo hakuiacha. Hoja ya wenyeji kwamba watalii wangeongezeka kama kungekuwa na cha kuonyesha kuliko kuta ni hoja ya mkate, haifai kudharauliwa, lakini inaweza kujibiwa vizuri zaidi kwa Gereza, ambalo kuta zake zimesimama na mlango wake unajulikana, kuliko kwa jengo la juu ya genge.

Wengi wanaovuka kutoka Kilwa Masoko, mji ulio upande wa bara, hushukia Gereza, wakapitishwa Msikiti Mkuu na Makutani, na kufika Husuni Kubwa mwisho kwa njia ya miguu, jua likiwa limeshawachosha. Ipo njia nyingine. Mashua ikizunguka rasi maji yakiwa yamejaa huweza kusogea hadi chini ya genge, penye mikoko, na hapo pana mabaki ya ngazi za mawe zilizojengwa kutoka ufukoni kupanda hadi makao ya sultani, ambazo ndizo walizopandia wageni wake. Maji yakipwa, mashua hukaa mbali, na anayezitaka ngazi hizo huvua viatu akapita topeni katikati ya mikoko.